Namna ya Kusoma Kitabu Siku ya Wazazi Bila Kunyimwa Bukari

Tuanze na tarehe, maana wengi hukosea hapo hapo. Majarida ya Ulaya hushauri kila mwaka kwamba kitabu kizito, cha kumfanya mtu afikiri, kisomwe mwezi wa kumi na mbili, ndugu wakiwa wamekusanyika, theluji nje na moto ndani. Huku Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, mwezi huo ni matope. Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, hutukuta katikati ya mvua, mabati yanapiga kelele hadi pasta anahubiri kwa mikono, na atakayeonekana ameketi na kitabu atapandishwa juu ya paa akazibe panapovuja. Januari nayo imeshachukuliwa na marehemu wa taifa: tarehe 4 mashahidi wa uhuru, tarehe 16 Mzee Kabila, tarehe 17 Lumumba. Tunaomboleza kwa ratiba, nafasi ya kusoma haipo.

Baridi yetu ni ya Juni na Julai. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ndoo alfajiri ya kiangazi yamewarudisha wengi kwenye sala. Wazee huvaa makoti waliyopewa kazini zamani, enzi kazi ilipokuwa bado inatoa makoti. Na baridi hiyo inapokaribia kuisha ndipo inapokuja siku inayofaa kuliko zote kwa shughuli yetu: tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Kwa msomaji wa Mombasa au Unguja asiyeijua, ni sikukuu ya Kongo nzima. Asubuhi watu huenda makaburini kuwalimia wazazi waliokufa, mchana hurudi nyumbani kuwalisha walio hai. Kitabu hakimo kwenye ratiba hiyo. Ndiyo maana unahitaji mwongozo.

Sasa chagua kitabu. Cobalt Red usikilete, kitaletwa. Binamu wa Brussels atashuka nacho kwenye ndege, kimejaa vikaratasi vya rangi kila ukurasa. Kiliandikwa na Siddharth Kara, kikatoka Januari 2023, katikati ya baridi ya wasomaji wake, na safari yake inatoka Lubumbashi hadi kwetu hapa. Ni kitabu cha hasira juu ya uchimbaji wa kobalti, na hasira hiyo ina sababu. Lakini kimeandikwa ili mtu wa mbali ashtuke, nawe uani kwako utamshtua nani? Binamu atasoma kwa sauti inayotetemeka habari za watoto wanaoosha mawe, na mtoto wa jirani atauliza kwa heshima zote mawe hayo yalikuwa ya asilimia ngapi. Atasoma habari za Kasulo, mtaa ambao mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala, na mama aliyeketi kando ya mbabula, jiko letu la makaa, atamkatiza: shimo la nyumba ile lilikuwa upande wa jikoni, siyo wa barabarani. Mwache asome kurasa mbili, kisha mpe kazi ya kukata vitunguu. Machozi yake yatapata pa kujificha.

Tram 83 cha Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi, kilichotoka mwaka 2014, kina shida nyingine. Ni kizuri mno, na kinaishi ndani ya baa ya mji wa migodi. Ukikisoma mbele ya mke wa pasta utajikuta unaruka mistari mingi kuliko unayosoma. Kiweke hadi usiku, watu wakishaanza kubishana juu ya idadi ya chupa za bia ya Simba.

Kitabu cha siku yenyewe ni Bana Shaba abandonnés par leur père cha Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichochapwa Paris na L'Harmattan mwaka 2001. Kwa Kiswahili cha meza yetu: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kinafuata maisha ya familia ya mfanyakazi wa migodi ya Katanga tangu 1910 hadi 1997, na swali lake ni la nyumbani kabisa: ndani ya nyumba, nani alikuwa na amri, na amri hiyo ilitoka wapi?

Umeona hatari iliyopo. Siku ya kuwaheshimu wazazi unaingia uani na kitabu chenye jina hilo, baba mkubwa ameketi kwenye kiti cha pekee chenye mikono, miwani iko puani. Kwa hiyo livike jalada kalenda ya kanisa. Ya mwaka jana inatosha. Ukurasa wenye Bikira Maria ukae mbele, hakuna atakayekunyang'anya.

Kitabu ni cha Kifaransa, na hapa vijana wengi huharibu. Usisome Kifaransa kwa sauti, utafikiriwa unaomba kazi. Soma kimoyomoyo, kisha useme kwa Kiswahili cha hapa, polepole, ukimtazama mzee kila baada ya sentensi ili aone kwamba unamwomba ruhusa.

Makaburini usisome kabisa. Utaonekana unakwepa jembe, na kweli utakuwa unalikwepa. Lima, ng'oa, choma majani, nyamaza. Ila tega sikio, maana mjane atakuonyesha msalaba mmoja na kukwambia kwamba huyu alikufa na ODV. Binamu wa Brussels atauliza kama ugonjwa huo una chanjo. Mweleze kando, kwa sauti ya chini: Opération départs volontaires, mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilipowapa wafanyakazi zaidi ya 10,000 fedha za mkupuo mmoja waende nyumbani, Benki ya Dunia ikigharimia. Wenyewe waliambiwa kwamba wanaondoka kwa hiari. Watu wengi waliokuwa wakidai mishahara ya miaka walikuwa na hiari kubwa sana siku hiyo.

Nyumbani, panga viti kabla kitabu hakijafunguliwa. Baba mkubwa yuko tayari kwenye kiti chake na hatakitoka. Binamu wa Musompo, mwenye depo ya kununua madini huko, mweke karibu na makreti ya bia, kwa kuwa ameyalipia, na aliyelipia bia huzungumza hadi bia iishe. Mjukuu mwenye kofia ngumu anafanya kazi kwenye mgodi mkubwa, lakini mwajiri wake ni kampuni ndogo ya kukodisha watu, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mpe kigoda, amezoea. Binamu wa Brussels akae penye moshi, apate kitu cha kusimulia akirudi. Mama mdogo usimpangie kiti. Yuko jikoni na atakuja atakapotaka. Mkumbuke lakini, kwa sababu somo lote ni lake.

Muda mzuri wa kuanza ni pale bukari, ugali wetu, imeshasongwa lakini sombe, majani ya muhogo, bado inachemka. Watu wana njaa, hawana nguvu ya kukufukuza. Fungua kitabu kimya kimya. Usimwite mtu yeyote. Baada ya dakika moja utaulizwa.

— Weye, unasoma nini pale?

— Kitabu, baba.

— Kitabu ya kanisa?

— Ya historia, baba. Ya bafanyakazi ya zamani.

— Aah. Soma, tusikie kama banasema kweli.

Anza na sehemu tamu. Mwambie kwamba mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, iligundua kuwa mfanyakazi mwenye mke hatoroki ovyo, ikaanza kuleta wanawake kambini, ikajenga nyumba, shule na hospitali, ikawa inapima unga wa mfanyakazi, wa mke wake na wa kila mtoto. Baba mkubwa ataitikia kwa neno moja, jina la mgao huo: poso! Kuanzia hapo funga kitabu ukiweka kidole ndani, maana hutasoma tena kwa nusu saa. Utasikia habari za gunia, za samaki, za mchele wa sikukuu, za daktari aliyekuwa anakuja mwenyewe mlangoni. Utasikia kwamba mwaka 1967 Mobutu aliitaifisha kampuni, ikaja kuitwa Gécamines, na poso haikukatika hata siku moja. Utasikia kwamba mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, na kwa jinsi anavyozihesabu utadhani zilipita zote begani mwake. Usimsahihishe. Septemba 1990, wakati mgodi wa Kamoto ulipoporomoka, ataipita upesi sana, na wewe ipite naye.

Kuna sehemu nyingine ya kupita, na hii siyo ya mzaha. Katika meza nyingi za Kolwezi kuna shemeji ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili hiyo walifukuzwa katika miji hii, wakakaa wiki na wiki kwenye stesheni wakingoja treni, na wengine hawakuifikia. Ni watu waliozaliwa hapa, waliofanya kazi hapa, walioimba kwaya moja na waliowafukuza. Leo wote wanachovya sahani moja. Ukitaka kuuliza, muulize shemeji mwenyewe, siku nyingine, mkiwa wawili. Mwongozo huu hauna utani wa kukusaidia hapo.

Sombe ikiiva, nenda kwenye sura ngumu. Dibwe anaonyesha kwamba kampuni ilijifanya baba wa wote, na mamlaka ya baba wa nyumbani yalisimama juu ya gunia lile lile la unga. Gunia lilipokuja, baba alikuwa baba. Mshahara ulipoanza kuchelewa mwezi, kisha miezi, mke akaenda kuuza, watoto wakaenda kutafuta, na neno la mwisho ndani ya nyumba likahamia kwa mwenye kuleta chakula. Sema hivyo kwa upole uwezao. Baba mkubwa atakohoa. Hicho ni kikohozi cha historia, dawa yake haipo famasi.

Baada ya hapo hutahitaji kitabu, kwa kuwa mashindano yameanza. Kila mmoja atataka awe yeye ndiye mwana wa Shaba aliyeachwa kuliko wote. Baba mkubwa ameachwa na Gécamines: miaka thelathini ya kazi, kisha bahasha. Binamu wa Musompo ameachwa na serikali: Februari 2025 ilisimamisha kobalti isitoke nchini, magunia yakabaki depo, halafu Oktoba ikaleta mgawo wa tani, na mgawo huo mtu wa depo ataupata wapi? Mjukuu wa kofia ngumu hajaachwa, anasema, kwa sababu hajawahi kupokewa. Hapa watu watacheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Binamu wa Brussels naye ataanza kueleza upweke wa Ulaya, jinsi unavyoweza kuishi miaka minne bila kujua jina la jirani. Mpe paja la kuku.

Jihadhari na mchimbaji. Kila familia inaye, kijana wa shimoni, na mara nyingi hukaa mwisho wa benchi akila haraka. Watamgeukia ili awe mfano. Binamu atataka kumhurumia, mjukuu wa kofia ngumu atataka kumfundisha usalama, mwenye depo atataka kumkopesha, baba mkubwa atataka kumtukana kidogo, maana zamani mtu alichimba akiwa na namba ya kazi na kofia. Ukiwa msomaji mwenye adabu, muulize jambo moja tu ambalo hakuna kati yao anayelijua: leo wananunua kwa bei gani? Atakujibu kwa ufasaha ambao hujausikia kwa profesa. Atakueleza asilimia anayoipata yeye akilitazama jiwe, asilimia inayosomwa na mashine ya mnunuzi, na mahali tofauti ya namba hizo mbili inapokwenda kulala. Mwenye depo ataomba mada ibadilishwe.

Ndipo mama mdogo atatoka jikoni, anafuta mikono kwa kitenge. Amesikia yote, jiko la Kolwezi halina mlango. Atauliza swali moja.

— Ninyi bote muliachwa. Basi nani alibakia?

Wewe uliyeleta kitabu, usijibu. Hata kama unajua. Na unajua: miaka ile gunia lilipokoma, yeye ndiye aliyekuwa anaondoka saa tisa usiku kwenda kutafuta unga wa Zambia uliopita mpaka wa Kasumbalesa, akiupima kwa kopo sokoni, faida ikiwa kopo moja la kurudi nalo nyumbani. Ada ya shule ya binamu wa Brussels ilitoka kwenye kopo. Mtaji wa kwanza wa Musompo ulitoka kwenye kopo. Kiti chenye mikono, ukitaka kujua sana, kiliuzwa mwaka mmoja na kikanunuliwa tena na yeye. Baba mkubwa analijua hilo, na ndiyo sababu atasema, baada ya kuitazama sombe kwa muda, kwamba chakula kinapoa.

Kuleni. Kuna kanuni moja tu wakati wa kula: kitabu kisikae mezani. Mafuta ya mawese hayatoki kwenye karatasi, na kitabu hiki bei yake imeandikwa kwa yuro.

Umeme ukikatika, na utakatika, msishangae sana mbele ya mgeni. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu nasi kwenye mto Lualaba, lakini nyaya zina kazi kubwa zaidi migodini. Binamu wa Brussels atawasha tochi ya simu na kutangaza kwamba ndani ya betri kuna kobalti. Kila mtu atasema eh-eh, kwa ukarimu. Mchimbaji ataomba simu hiyo aitazame, atageuza huku na huku, na ataulizia bei yake huko Ulaya. Namba itakayotajwa ataibadilisha kichwani kuwa magunia. Usimuulize amepata mangapi.

Sasa yanabaki mambo ya kuondoka. Watu watatu watakiomba kitabu. Baba mkubwa atataka akihakiki, yaani akifungie kabatini. Mwenye depo atataka apige fotokopi, kisha atasahau kwenye gari. Binamu atataka abadilishane na chake. Kataa wote kwa heshima na umwachie mama mdogo, hata kama Kifaransa chake kiliishia kwenye darasa la kushona la kampuni. Mjukuu atamsomea na kumtafsiria Jumapili. Ana masahihisho, nayo si machache: jinsi kopo lilivyokuwa linapimwa, nani alikopa na nani alilipa, wanawake gani wa mtaa walianza kwenda Kasumbalesa kwanza, mume gani alikuwa anaficha mshahara hata ulipokuwa hautoshi kufichwa. Profesa alifanya kazi yake vizuri; lakini hakufika kwenye jiko hili.

Na usiseme kwamba kuandika ni kazi ya wasomi. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji ule, akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili kile kile cha mitaani, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa maboi wa Wazungu. Wapishi na wafua nguo hao walikuwa wamesikia yote wakiwa jikoni, nao pia. Ilibaki makaratasi yaliyopigwa taipu hadi mwaka 1990, Johannes Fabian alipoichapa Amsterdam, na leo ukitaka kujua mji ule ulionekanaje kutoka jikoni, ni hiyo utakayoitafuta.

Kwa hiyo tarehe 2 Agosti, kabla ya kudai sahani zako, pita sokoni ununue daftari nene na kalamu mbili. Mpelekee mama mdogo. Akikataa kuandika, kaa naye uandike wewe, kwa Kiswahili chake, bila kunyoosha sarufi. Na ufanye wiki hiyo hiyo: binamu ana tiketi ya kurudi, na amekwisha kuniambia kwamba na yeye anafikiria kuandika kitabu.